"Ami, Imekataa": utatuzi wa matatizo kwa anayeanza kutengeneza programu za simu

Duka langu liko Langoni, hapa Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui. Mchana nabadilisha vioo vya simu na kuchapishia watu fomu. Ikishaswaliwa alasiri, benchi ya nje hujaa vijana wanaojifunza kutengeneza programu za simu. Sikuwaita. Alianza mmoja, akamleta binamu yake, binamu akamleta mwenzake wa Mkomani, na sasa punda waliobeba mawe wakipita inabidi tuinue miguu.

Wote huja na neno moja: "Ami, imekataa." Imekataa nini? "Imekataa tu."

Ukienda Matondoni ukawatazama mafundi wa vyombo, mashua inayovuja hawaitii kalafati yote kutoka omo hadi tezi. Kwanza wanatafuta maji yanaingilia wapi. Anayeanza kuandika programu mara nyingi hakosi mtu wa kumsaidia. Anakosa kusema maji yanaingilia wapi, na anayemsikiliza anabaki kukisia. Kwa hiyo hapa sifundishi kuandika programu. Nimeweka dalili ninazoziona hapa benchini, zinakotoka, na unalofanya. Ruka hadi kwenye dalili yako, hakuna haja ya kusoma kwa mpangilio.

Dalili: mwezi wa tatu unatazama video, hujatengeneza kitu

Umekwama kwenye kuchagua. Mmoja amekwambia Kotlin, mwingine Flutter, wa tatu anaapa kwa React Native, zote njia za kuandikia programu za simu, na kila ukifungua YouTube unakuta mtu amekunja uso kwenye picha akisema uliyemwamini jana amepitwa na wakati. Mabishano haya ni kama ya mashua ipi itashinda mashindano: matamu, lakini hayakuvushi hata hadi Manda.

Chagua kwa mashine uliyo nayo, si kwa maneno ya watu. Ukiwa na laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 au zaidi na simu ya Android, anza na Kotlin ndani ya Android Studio, programu ya Google ya kutengenezea programu za Android. Google iliitambua Kotlin kuwa lugha rasmi ya Android mwaka 2017, na 2019 ikasema ndiyo itakayopewa nafasi ya kwanza, kwa hiyo mafunzo yao mapya yameandikwa kwa lugha hiyo. Laptopu ikiwa dhaifu kuliko hapo, Flutter ndani ya kihariri chepesi kama VS Code inapunguza mzigo kiasi, ingawa vifaa vya Android bado utavihitaji. Huna laptopu kabisa? Fungua Kotlin Playground (ya Kotlin) au DartPad (ya Dart, lugha ya Flutter) kwenye kivinjari cha simu au cha saiba, uandike humo humo na uone matokeo. Hutapata programu ya kuweka kwenye simu kutoka Kotlin Playground, ila utajifunza lugha, na lugha ndiyo inayowashinda wengi. Kuna pia MIT App Inventor, ambayo unaburuta vipande na kuviunganisha badala ya kuandika. Watu wazima huidharau. Nimeona mtoto wa darasa la saba akitengeneza kwayo tasbihi ya kuhesabia katika siku mbili.

Kama unataka programu za iPhone, jua mapema kwamba Xcode inafanya kazi kwenye kompyuta za Mac tu. Kama huna Mac, liweke hilo pembeni kwa sasa. Halitakudhuru.

Dalili: laptopu inaganda, feni inalia kama jenereta

Karibu mara zote umewasha simu ya bandia, ile inayotokea ndani ya kompyuta ili ujaribie programu. Android Studio peke yake inataka RAM ya GB 8. Ukiongeza simu ya bandia, Google wenyewe wanataja GB 16. Laptopu ya mtumba ya GB 4 haitaweza, hata ukiiombea dua.

Zima simu ya bandia, tumia simu yako halisi kwa waya. Kwenye mipangilio ya simu nenda sehemu ya kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7, na chaguo za wasanidi zitafunguka. Ndani yake washa utatuzi wa USB. Simu yenye Android 11 kwenda mbele inaweza kuunganishwa hata bila waya, mradi simu na kompyuta ziko kwenye waifai moja.

Ukiwa na pesa za kubadilisha kitu kimoja tu, na laptopu yako bado inatumia diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka, kabla ya kufikiria jambo jingine. Nimewabadilishia wengi na hakuna aliyerudi kulalamika. Na kama unaipenda hiyo simu ya bandia na RAM inatosha lakini bado haiwaki, mara nyingi uwezo wa kompyuta kuendesha mashine ndani ya mashine umezimwa kwenye BIOS, mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka. Unawashwa huko, kisha unaanzisha kompyuta upya.

Dalili: simu imechomekwa, haionekani

Badilisha waya. Nasema kweli, badilisha waya kabla ya kusoma mstari mwingine. Nyaya nyingi za bei rahisi zina nyuzi za kupitisha chaji peke yake, hazipitishi data. Simu itachaji, wewe utaamini imeunganika, na utapoteza jioni nzima ukisakinisha madereva ya Windows, yaani programu ndogo za kuitambua simu.

Waya ukiwa mzima, tazama kioo cha simu: kuna swali linauliza kama unaiamini kompyuta hii. Watu hulikubali bila kulisoma, au hulikataa bila kulisoma. Kompyuta ikisema simu ni "unauthorized" (haijaidhinishwa), ni hilo swali. Chomoa, chomeka tena, likubali. Baada ya hapo ndipo uhangaike na madereva.

Dalili: inapakua, inapakua, haimalizi

Mara ya kwanza kufungua mradi mpya, chombo kinachoitwa Gradle hupakua vitu vingi, na Android Studio yenyewe inapita GB 1. Bando likiisha katikati, utaona maandishi mekundu yenye "Could not resolve" na utadhani umeharibu msimbo, yaani maandishi ya programu. Hujaandika hata mstari, utaharibu nini?

Pakua vyote siku moja, mahali penye mtandao mzuri, na usiguse kitu mpaka vikamilike. Ukishafanikiwa mara moja, Gradle ina hali ya kufanya kazi bila mtandao. Iwashe, na bando lako litapumua. Hapa sisi hunakiliana folda ya SDK, vile vifaa vya Android, kwa flashi. Aliyepakua mmoja amewapakulia watano.

Dalili: nimefuata video neno kwa neno, nyekundu kila mahali

Tazama tarehe ya video kabla ya kutazama msimbo wako.

Utengenezaji wa programu za Android umebadilika kwa haraka. Zamani sura ya programu iliandikwa kwa lugha nyingine iitwayo XML; tangu Jetpack Compose ilipotoka rasmi katikati ya 2021, mafunzo mapya yanaandika sura hiyo kwa Kotlin yenyewe. Ukichanganya nusu ya video ya 2018 na nusu ya video ya mwaka jana unapata chakula kilichopikwa na watu wawili, kila mmoja ametia chumvi. Kuna pia ghala la maktaba, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, liitwalo JCenter ambalo mafunzo ya zamani yanalitaja. Lilifungwa kupokea vitu vipya mwaka 2021. Ukiona jina hilo kwenye somo, ondoka kwenye somo hilo.

Kama video ni mpya na neno moja tu ni jekundu, huenda hujaliingiza faili lake pale juu. Weka kishale juu ya neno, bonyeza Alt na Enter, mara nyingi Android Studio itakuingizia yenyewe. Angalia tu inakuingizia nini, kwa sababu kuna majina yanayofanana yaliyo ya watu tofauti.

Mimi huwaelekeza wote kwenye mafunzo ya bure ya Google, Android Basics with Compose, kwa sababu moja: wenyewe huyarekebisha mambo yakibadilika. Ni ya kusoma, hayana muziki, na watu wanachoka. Lakini mwezi wa kusoma huko unashinda miezi mitatu ya video.

Dalili: naomba msaada, hakuna anayejibu

Hapa nitakaa.

Kijana mmoja, baba yake anavusha abiria kwenda Mokowe, alikuwa anatengeneza programu ya maji: leo maji yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, bamvua lini. Saa za maji aliziandika mwenyewe kutoka kwenye jedwali. Juu kabisa ya kioo aliweka saa ya sasa, na akataka isomeke kama tunavyosema sisi. Saa ya simu ikiwa 7:00, iandike "saa moja". Ikiwa 10:00, iandike "saa nne". Bibi yake hasomi saa za Kizungu na hataki kuzisoma.

Programu ikawa inajifunga yenyewe. Anaifungua, inakufa. Akaandika kwenye kikundi cha WhatsApp chenye mamia ya watu: "Habari wadau, app yangu inajifunga, msaada tafadhali." Akaambatanisha picha ya kioo cha laptopu, imepigwa kwa simu, imepinda, pazia linaonekana. Siku tatu. Mmoja akajibu "weka code". Mmoja akaweka kidole gumba. Wa tatu akatangaza kozi yake.

Akaniletea dukani. Tukaifungua, ikafanya kazi. Akaondoka ameona haya. Kesho yake akarudi: "Ami, wallahi jana usiku ilikufa." Tukaifungua, ikafanya kazi. Mtu mwingine angesema simu yake mbovu, na kusema kweli hata mimi nilianza kuifikiria simu.

Nikampa kazi ya daftari. Kila ukiifungua, andika saa na ilivyokuwa. Usirekebishe chochote. Baada ya siku mbili daftari likasema hivi: alasiri, sawa. Saa kumi na mbili na nusu jioni, sawa. Baada ya isha, imekufa. Alfajiri, imekufa. Saa mbili asubuhi, sawa.

Programu ilikuwa inakufa usiku na kufufuka asubuhi! Na mimi hufunga duka magharibi. Nikamwambia aweke saa ya simu iwe 19:05, hapo hapo, saa tisa ya mchana. Akaweka, akaifungua, ikafa mikononi mwetu. Sijawahi kumwona mtu akifurahia programu kufa namna ile.

Hii ndiyo hatua ya kwanza ya kupata msaada: ujue kuiua programu kwa kusudi. Ukiweza kuiua unapotaka, mwenye kukusaidia naye ataweza.

Hatua ya pili, soma kilichoandikwa. Android Studio ina dirisha linaloitwa Logcat, ambapo simu inatapika kila kitu. Usiogope wingi wake. Tafuta penye nyekundu, kisha mstari wenye neno linaloishia na "Exception". Wake ulikuwa huu:

`java.lang.ArrayIndexOutOfBoundsException: length=12; index=12`

Maana yake ni rahisi kuliko unavyotisha. Ana orodha yenye visanduku 12. Kompyuta inahesabu visanduku kuanzia 0, kwa hiyo cha mwisho ni 11. Yeye ameomba cha 12, na hakipo. Chini ya mstari huo kuna mingi mingine inayotaja mafaili ambayo hukuyaandika wewe. Ishuke mpaka uone jina la faili lako na nambari ya mstari. Hapo ndipo maji yanapoingilia.

Hatua ya tatu, kata. Programu yake ilikuwa na kurasa nne, rangi, picha ya jahazi na jedwali zima la maji. Hakuna mgeni atakayesoma yote hayo. Tukaondoa kila kisichohusika, tukijaribu kila mara kama bado inakufa, mpaka ikabaki hii, ambayo hata kwenye Kotlin Playground inakufa bila simu:

```
fun main() {
val majina = arrayOf("saa moja", "saa mbili", "saa tatu", "saa nne",
    "saa tano", "saa sita", "saa saba", "saa nane",
    "saa tisa", "saa kumi", "saa kumi na moja", "saa kumi na mbili")
val saa = 19
println(majina[saa - 7])
}
```

Saa 7 ya simu ukitoa 7 unapata 0, kisanduku cha kwanza, "saa moja". Sawa. Saa 18 ukitoa 7 unapata 11, "saa kumi na mbili". Sawa. Saa 19 ukitoa 7 unapata 12. Haipo. Na saa 3 ya simu, usiku wa manane, unapata hasi 4, ambayo haipo zaidi.

Wengi wakifika hapa wanaliona jibu wenyewe, na swali halitumwi tena. Yeye hakuliona, akaliandika upya:

"Natumia Kotlin. Nina orodha ya majina 12 ya saa za Kiswahili. Nataka saa 7 na saa 19 za simu zote zitoe 'saa moja'. Kwa sasa natoa 7. Kuanzia 7 mpaka 18 inafanya kazi. Ikifika 19 napata length=12; index=12, na saa 3 napata index=-4. Nimejaribu kuongeza majina mengine 12 kwenye orodha, usiku wa manane bado inakufa. Msimbo mzima ni huu hapa chini."

Anasema anatumia nini, anataka nini, anapata nini, lini, na amejaribu nini. Msimbo ameubandika kama maandishi, si picha, kwa hiyo mtu anaweza kuunakili na kuujaribu akiwa kitandani. Kikundi ni kile kile, watu ni wale wale. Jibu lilikuja kabla ya isha: badala ya `saa - 7` andika `(saa + 5) % 12`.

Ikafanya kazi. Ila hakujua alama ile ya asilimia inafanya nini, akaniuliza, na nilifurahi zaidi kwa swali hilo kuliko kwa jibu. Ni baki. 19 ongeza 5 ni 24. Gawa kwa 12, hakibaki kitu, kwa hiyo 0, "saa moja". Saa 3 ongeza 5 ni 8. 12 haingii, zinabaki 8, "saa tisa". Saa ya ukutani inafanya hesabu hiyo hiyo kila siku inapotoka kumi na mbili kurudi moja.

Machache yaliyobaki kuhusu kuuliza. Usitume ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Hakuna anayeweza kunakili hitilafu kutoka kwenye sauti. Usiandike "kuna mtu hapa anajua Kotlin?" ukasubiri, andika swali lenyewe. Ukitafuta Google, bandika maneno ya hitilafu kama yalivyo, ondoa majina ya mafaili yako tu. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya watengenezaji programu iliyopo tangu 2008, si mahali pa kuamkuana. Huko "habari za leo" hufutwa na swali lililokwisha kuulizwa hufungwa. Wakikufungia, fungua walikokuelekeza. Mara nyingi jibu liko huko. Ni Kiingereza, ndiyo, lakini Kiingereza cha sentensi fupi kama zile za swali la juu kinatosha kabisa. Watu wa barani Asia na Amerika ya Kusini huandika hivyo kila siku na wanajibiwa.

Dalili: umesaidiwa, lakini kesho umekwama pale pale

Aliyekusaidia alichukua kibodi.

Mwombe akae pembeni. Mikono iwe yako, maneno yawe yake. Itachukua muda mara tatu, na mafundi wengine hawana subira hiyo. Mimi mwenyewe wateja wakijaa hushindwa na kunyakua kibodi. Ukiona nimenyakua, nikumbushe.

Akili mnemba nayo ina kasoro hiyo hiyo, tena haichoki. Itakuandikia kurasa tatu za msimbo mzuri, nusu yake ukitumia maktaba zilizokwisha kubadilishwa. Iombe ikueleze mstari mmoja, au ikuambie hitilafu fulani ina maana gani. Ukiiomba programu nzima utapata programu nzima usiyoijua, na siku ikifa usiku hutajua pa kuanzia.

Dalili: jana ilifanya kazi, leo haifanyi

Umebadilisha kitu ukasahau. Jifunze Git, chombo kinachokumbuka kila badiliko, amri nne tu: kuanzisha, kuongeza, kuhifadhi hatua, na kutazama kilichobadilika. Ukiweka kazi yako GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, unapata faida nyingine ambayo huku kisiwani ni kubwa: mtu wa Mombasa au Nairobi anaweza kuona msimbo wako kwa kiungo kimoja. Kuna kijana alikuwa akituma folda nzima kwa WhatsApp, pamoja na ile folda ya "build" ambayo kompyuta hujitengenezea yenyewe, na akilalamika watu hawaifungui. Hata mimi nisingeifungua.

Stima ikipotea katikati, utakachokuwa umekihifadhi ndicho utakachokikuta.

Dalili: unaambiwa ulipe kwanza

Kulipia mafunzo si kosa. Mimi nililipa kozi moja ya mtandaoni, nikaingizwa kwenye kikundi, na video nilizopewa nilizikuta baadaye bure YouTube, zimebandikwa jina jingine juu. Tangu hapo nina maswali mawili. Mwalimu ana programu gani ninayoweza kuipakua sasa hivi nikaitumia? Na je, atanijibu swali moja kabla sijalipa? Anayeahidi kazi baada ya wiki sita, mwache na wiki zake.

Dalili: ninataka mtu wa ana kwa ana, Lamu hayupo

Wapo, ila hawajijui kuwa ni walimu. Anayetengeneza tovuti za nyumba za wageni kule Shela anajua kusoma hitilafu, hata kama hajawahi kutengeneza programu ya simu. Mwalimu wa kompyuta wa sekondari anajua Git au anamjua anayeijua. Kaeni wawili au watatu wa kiwango kimoja, mkutane siku ile ile kila wiki. Anayeeleza ndiye anayejifunza zaidi.

Ukiwa tayari kusafiri, Mombasa kuna Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, na vijana wa teknolojia hukutana pale. Kuna pia vikundi vya Google Developer Groups sehemu mbalimbali nchini, na mikutano yao mingine huwa mtandaoni. Safari ni boti hadi Mokowe kisha basi karibu kutwa, kwa hiyo usiende kuuliza swali ambalo ungeliandika. Nenda kutafuta watu utakaowaandikia ukirudi.

Dalili: programu imekamilika, Play Store inaikataa

Akaunti ya Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, sababu nyingine ya kuiacha pembeni. Lakini kinachowasumbua wengi ni sharti la majaribio. Akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haiwezi kutoa programu kwa watu wote mpaka ijaribiwe kwanza na watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka 20. Wakapunguza Desemba 2024.

Mtu wa mji mkubwa huhangaika kuwatafuta 12. Huku ni baraza moja tu. Tatizo la huku ni kuwabakisha. Kijana wetu wa maji aliandikisha watu 12 kamili: baba yake, manahodha wanne, wengine wa pale Mkunguni. Siku ya tisa mmoja akabadilisha simu, akajitoa bila kujua, wakabaki 11. Siku tisa zikaenda na maji.

Safari hii ameandikisha 17. Wa mwisho ni bibi yake, ambaye huifungua programu kila siku baada ya isha, saa hiyo hiyo, kuona kama bado inakufa.